Gitaa Ndilo Mwimbaji: Mwongozo Kamili wa Kurekodi Kava ya Ala Tupu Nyumbani

Kava yangu ya kwanza ya gitaa, yaani wimbo wa mtu mwingine niliourekodi upya, ilinichukua wiki tatu. Ngoma zilikaa sawa, besi ilikaa sawa, na sikukosea noti hata moja. Nikampa dada yangu aisikilize. Alivumilia kama dakika nzima, kisha akauliza: "Kaka, wimbo wenyewe unaanza saa ngapi?"

Nilikasirika, lakini alikuwa ameona kitu. Noti zote zilikuwapo ila hakuna aliyekuwa anaimba. Katika muziki wa ala tupu, mpiga solo ndiye mwimbaji, na asipoimba msikilizaji anabaki anangoja mtu apande jukwaani. Tatizo la kava nyingi za nyumbani ni hilo kuliko maikrofoni au kompyuta, na humu nitalirudia mara nyingi.

Tutatumia wimbo mmoja toka mwanzo hadi mwisho, "Apache" wa kundi la The Shadows la Uingereza. Ni wa polepole kiasi kwamba anayeanza anaumudu, na una nafasi nyingi, kwa hiyo kila kosa linasikika. Historia yake pia inafundisha. Mtunzi wake ni Jerry Lordan, na wa kwanza kuurekodi alikuwa mpiga gitaa Bert Weedon, ila rekodi yake ilichelewa kutoka. Shadows wakaurekodi katika studio za EMI pale Abbey Road, London, mwezi Juni 1960, na mwaka huohuo ukashika namba moja Uingereza kwa wiki tano. Mwaka 1961 Jørgen Ingmann wa Denmark akatoa toleo lake lililofika namba mbili Marekani. Mwaka 1973 Incredible Bongo Band wakaupiga kwa ngoma nzito, na toleo hilo likawa mgodi wa madijei wa hip hop. Yaani hata hiyo rekodi ya Shadows tunayoiita "yenyewe" ni marudio ya kazi iliyokwisha kurekodiwa na mwingine. Hilo likutoe hofu.

Kwanza weka gitaa chini

Sikiliza wimbo mara kumi bila kushika gitaa. Mara tatu za kwanza fuata solo peke yake, kisha besi ya Jet Harris, kisha gitaa la rithim la Bruce Welch, kisha ngoma za Tony Meehan. Hapo utagundua kwamba rithim inayokokota wimbo mzima ni gitaa kavu, lisilo la umeme. Welch aliazima Gibson J-200 ya Cliff Richard. Cliff mwenyewe ndiye anayepiga ile ngoma ya Kichina unayoisikia mwanzoni na mwishoni.

Sasa imba solo kwa mdomo. Tumia "la la la" au "na na na", jikoni au njiani, mradi uimbe yote bila kusaidiwa na rekodi. Ukifika mahali ukakwama, hujaijua bado. Angalia unapovuta pumzi, maana hapo ndipo vidole vyako vitakapotakiwa kupumzika baadaye. Mimi huandika sehemu za wimbo kwenye karatasi kwa herufi, A, A, B, na kadhalika, na pembeni naweka alama ya koma kila ninapopumua. Karatasi hiyo hubaki mezani hadi siku ya kumiksi.

Kupata kasi, gonga meza kufuata mapigo kwa sekunde 15, hesabu, zidisha kwa 4. Rudia sehemu tofauti za wimbo. Huenda namba zikatofautiana kidogo, kwa sababu wanamuziki wa wakati ule hawakufuata kliki ya kompyuta, ule mlio wa kuhesabia mapigo. Chukua namba ya katikati. Ufunguo ni A maina, lakini usishangae gitaa lako likigombana kidogo na rekodi hata baada ya kulituni vizuri. Mashine za utepe hazikuzunguka kwa kasi ileile kila siku. Wakati wa kujifunza tuni kufuata rekodi, na siku ya kurekodi urudi kwenye A ya hezi 440.

Kuandaa gitaa

Hank Marvin, mpiga solo wa Shadows, alitumia Fender Stratocaster yenye nyuzi nene. Wewe tumia gitaa lolote la umeme ulilonalo. Nitakachokusisitizia ni nyuzi: nunua seti mpya, panda saizi moja juu ya ile uliyozoea ikiwa vidole vinaweza, na uzifunge siku moja kabla. Uzi mwembamba hupiga kelele kama chiriku ukiupiga kwa nguvu, ilhali mnene una kifua. Baada ya kufunga, vuta kila uzi taratibu kwa vidole, tuni, vuta tena, hadi uache kushuka.

Halafu pima ulinganifu wa gitaa. Piga hamoniki juu ya freti ya 12, yaani gusa uzi kidogo bila kuubonyeza, kisha bonyeza freti hiyohiyo na upige tena. Noti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko hamoniki, rudisha kitandiko cha uzi huo nyuma kwa bisibisi ili uzi urefuke. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Tuni upya kila unapokigusa. Kazi hii ya dakika 20 huokoa saa nyingi za kujiuliza kwa nini solo na rithim hazipatani.

Umeme wetu ni wa hezi 50, na pikapu (vihisi vinavyogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme) za koili moja hunguruma hasa zikiwa karibu na taa za tyubu au chaja. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri. Kisha zunguka na kiti chako, gitaa likiwa mapajani, hadi utakapokuta upande ambao ngurumo inapungua. Utaonekana kama unatafuta kibla, lakini inafanya kazi.

Kuingiza sauti kwenye kompyuta

Unahitaji intafesi ya sauti, kifaa cha kuunganisha gitaa na kompyuta, hata ile ndogo ya tundu moja la gitaa. Focusrite Scarlett Solo inatosha na kubaki, na Behringer UM2 ni ya bei nafuu zaidi. Kitu cha kuangalia ni kitufe au tundu lililoandikwa INST. Pikapu ya gitaa ni dhaifu, na ukiichomeka kwenye tundu la kawaida lenye mzigo mkubwa, sauti za juu zinakufa. Tundu la INST lina ukinzani wa karibu omu milioni moja, kwa hiyo gitaa linapumua. Nimesikia watu wakilaumu gitaa zao kwa miezi kumbe tatizo lilikuwa kitufe hicho.

Kwa programu, Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, na leseni yake ya mtu wa kawaida ni dola 60. Audacity ni ya bure ila ni ngumu kwa kazi ya traki nyingi. Wenye mashine za Apple wana GarageBand tayari. Weka mradi kwenye bit 24 na kilohezi 48 ikiwa unafikiria video, maana video hutumia hiyo.

Geini, yaani kiwango cha kukuza sauti inayoingia, ipandishe huku ukipiga kwa nguvu ile utakayopiga kweli, si ile ya kujaribu. Kilele kikifika karibu na desibeli minus 12, acha. Usisogelee sifuri, sauti ikipasuka hapo hakuna dawa.

Bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia, ni suala la kuchelewa. Sampuli 128 katika kilohezi 48 ni kama milisekunde 2.7, na 512 ni karibu 11, hapo utaanza kuhisi vidole vinatangulia sauti. Rekodi ukiwa na bafa ndogo, miksi ukiwa na kubwa. Kompyuta ikichoka na kutoa mikwaruzo, zima plagini zote (programu ndogo za kubadilisha sauti) wakati wa kurekodi.

Rekodi gitaa likiwa kavu kabisa, kisha amplifaya uiweke ndani ya programu. Neural Amp Modeler ni ya bure na ina sauti za amplifaya nyingi zilizotengenezwa na watumiaji. Tafuta za Vox, kwa kuwa ndizo walizotumia Shadows. Kumbuka kuongeza faili la kabati la spika, la sivyo sauti itakuwa ya nyuki ndani ya chupa. Geini iwe chini. Huu ni mwamba wa 1960, gitaa lake ni safi na linang'aa. Mkwaruzo ulikuja kutawala baadaye.

Una amplifaya halisi? Maikrofoni kama Shure SM57, sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye wavu, katikati ya kitovu cha spika na ukingo wake. Kuelekea kitovu sauti inakuwa kali, kuelekea ukingo inakuwa nzito. Sogeza sentimita moja moja, ukisikiliza kwa hedifoni, kabla hujagusa kitufe chochote cha amplifaya.

Msingi: ngoma, besi, rithim

Usianze na solo. Mwimbaji haingii jukwaani kabla ya bendi.

Ngoma unaweza kuzipanga kwa programu, lakini zile za mwanzo wa "Apache" ningekushauri uzipige kwa mkono. Kama kuna ngoma yoyote ndani ya nyumba, au hata ndoo kubwa ya plastiki iliyowekewa kitambaa, tundika simu mita moja juu yake na urekodi huku kliki ikiwa sikioni. Piga kofi moja mwanzoni ili ulinganishe baadaye. Ile ngoma ya asili ilikusudiwa kuleta picha ya Wahindi Wekundu wa sinema, na Lordan mwenyewe alipata wazo kutokana na filamu ya 1954 yenye jina hilohilo. Sioni sababu ya kuiga picha hiyo leo. Ngoma ya kwetu yenye mlio wake inaupa wimbo sura mpya, nao umekwisha kuzoea kubadilishwa sura.

Huna besi? Piga mstari wa besi kwenye nyuzi nene za gitaa, kisha ushushe sauti kwa nusu-toni 12 ndani ya programu. Punguza sauti za juu na ongeza kompresa kidogo, ile inayosawazisha sauti kubwa na ndogo. Haitamdanganya mpiga besi, ila wengine wote itawadanganya. Usipambe. Kazi ya besi hapa ni kutembea na ngoma kama mtu na kivuli chake.

Rithim ipige kwa gitaa kavu, maikrofoni ikiwa sentimita 25 hivi kutoka freti ya 12, si mbele ya tundu, maana pale sauti inavuma kama mtungi. Rekodi mara mbili, kila mara ukipiga upya kabisa. Ukinakili traki moja na kuiweka pande zote mbili hupati upana wowote, unapata sauti kubwa tu. Mkono wa kulia usisimame hata pasipo na mlio. Uendelee kupanda na kushuka hewani, ndio unaotunza mwendo.

Jogoo, bodaboda na mvua ya bati utavijua mwenyewe. Mimi hurekodi gitaa kavu kati ya saa nne na saa sita usiku.

Solo

Hapa ndipo dada yangu aliponikamata, kwa hiyo tutakaa.

Toa ile karatasi yenye koma. Kabla ya kila jaribio imba sentensi ya kwanza kwa sauti, kisha ipige. Ukiona vidole vimefanya tofauti na mdomo, mdomo ndio wenye haki. Mdomo hauachi noti zote ziwe na nguvu sawa. Kuna silabi inayobebwa na silabi inayoangushwa. Sema jina la mtu unayempenda kwa sauti na usikie: kuna mahali sauti inapanda, mahali inapokaa, mahali inapozama. Noti za solo nazo ziwe hivyo.

Mkono wa kulia ndio wenye rangi. Piga karibu na daraja, pale nyuzi zinapokaa kwenye mwili wa gitaa, upate ukali, sogea kuelekea shingo upate ulaini, na usogee ndani ya sentensi moja, kama mtu anayegeuza uso akizungumza. Marudio ya pili ya sehemu A yasipigwe mahali palepale pa kwanza. Pikapu ya daraja ndiyo ya kuanzia.

Kijiti cha tremolo Hank alikitumia kama mwimbaji anavyotikisa sauti mwishoni mwa mstari. Kikae ndani ya kiganja, na mtikiso uanze baada ya noti kukaa, siyo pamoja nayo. Uwe mdogo. Ukisikika kama gari linalokataa kuwaka, umezidisha. Gitaa lako likiwa halina kijiti, tikisa kwa kidole cha kushoto, nacho kingoje vilevile.

Noti ndefu ziachie zife zenyewe hadi kwenye koma, kisha uzizime kwa kiganja. Wengi wetu tunaogopa ukimya. Tunaujaza kwa vinoti vya kupita, kwa kuteleza, kwa kuonyesha kuwa tunajua skeli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: ukishaambiwa unapiga vizuri ndipo hatari hiyo inaanza. Katika "Apache" nafasi kati ya sentensi ni mali ya rithim na mwangwi. Ukiijaza, umewaibia.

Rekodi majaribio matano ya wimbo mzima, kisha pumzika. Usikate sentensi moja moja ukirudia mara arobaini. Utapata noti safi zisizojuana. Kesho yake sikiliza yote matano, chagua lile lenye uhai zaidi, na ubadilishe tu zile sentensi mbili tatu zilizoharibika kwa kuchukua kutoka majaribio mengine. Maungio yafanye penye koma.

Mwangwi

Sauti ya Shadows haikamiliki bila mwangwi. Joe Brown, mpiga gitaa mwenzake Hank, alikuwa na mashine ya mwangwi ya Kiitaliano ambayo hakuipenda, akampa Hank. Mashine za aina hiyo zilikuwa na vichwa kadhaa vya kusomea sauti, kwa hiyo noti moja ilirudi mara kadhaa kwa umbali usiolingana, na hiyo ndiyo siri ya ule mdundo unaorukaruka nyuma ya solo.

Kwenye kompyuta tumia plagini mbili za mwangwi badala ya moja. Gawa 60,000 kwa kasi ya wimbo upate urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Kwa mfano kasi ya 120 inakupa 500. Mwangwi mkuu uweke robo tatu ya hapo, yaani 375. Wa pili uweke mfupi, milisekunde 150 hivi, uwe chini zaidi. Marudio yawe mawili au matatu tu. Kata sauti zote za mwangwi zilizo juu ya kilohezi 4, kwa kuwa utepe wa zamani haukuzibeba vizuri, na zile za chini ya hezi 200 ili zisigombane na besi.

Kisha jambo ambalo wengi hulikosa: weka mwangwi kabla ya amplifaya ya programu, siyo baada yake. Enzi hizo mashine ilikaa kati ya gitaa na amplifaya, na amplifaya ikayachanganya yote kuwa sauti moja. Jaribu kotekote usikie.

Kwa rivabu, yaani mvumo wa chumba, Abbey Road walikuwa na chumba maalumu: spika upande mmoja, maikrofoni upande mwingine, na kuta ngumu. Nawe unacho, kinaitwa bafu. Peleka spika humo, cheza solo peke yake, rekodi kwa simu ukiwa umefunga mlango, kisha ingiza rekodi hiyo kwenye mradi na uisogeze hadi ilingane na solo. Iweke chini sana, chini kuliko unavyodhani. Bafu lenye vigae hadi darini linashinda plagini nyingi nilizonunua. Waarifu wenye nyumba kwanza.

Kumiksi

Anza kwa kushusha kila kitu, kisha panda na solo peke yake, katikati. Ongeza besi na ngoma chini yake, halafu rithim mbili kushoto na kulia. Magitaa yote, isipokuwa besi, yakate chini ya hezi 80 hadi 100. Rithim ikimfunika mwimbaji, usimpandishe mwimbaji. Punguza rithim kati ya kilohezi 2 na 4, anapokaa yeye.

Kisha shika kitelezi cha solo na ukipandishe na kukishusha sentensi kwa sentensi wimbo ukicheza, desibeli moja au mbili tu. Sikiliza matokeo kwenye spika ya simu, kwa sababu huko ndiko watu watakakosikilizia. Besi ikipotea kabisa pale, iongezee mkwaruzo kidogo ili sehemu zake za juu zisikike. YouTube hushusha nyimbo zenye sauti kubwa hadi karibu LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) minus 14, kwa hiyo kuukamua wimbo hadi ubapae hakukupi faida yoyote. Acha kilele kwenye minus 1.

Kabla ya kupandisha

Video si lazima iwe ya anasa. Simu kwenye kigoda, mwanga wa dirisha ubavuni, na kofi la kulinganisha. Vidole vya kushoto vionekane.

Haki ni mbili, usizichanganye: ya utunzi na ya rekodi. Umerekodi upya, hujagusa rekodi ya Shadows, lakini utunzi wa Lordan unabaki kuwa mali ya wenye haki zake. YouTube ina mfumo wa Content ID unaoweza kuutambua utunzi hata ukiupiga wewe. Mara nyingi video inabaki na mapato yanakwenda kwa wenye haki. Madai hayo usiyapinge, ni ya haki. Ukitaka kuuza wimbo kwenye majukwaa ya muziki, msambazaji wako atakuhitaji uwe na leseni ya kava, mwulize kabla hujapandisha. Na usipige solo juu ya muziki wa nyuma ulioupakua mahali bila ruhusa. Hiyo ni rekodi ya mtu mwingine.

Kwenye maelezo andika jina la mtunzi kwanza, kisha la waliourekodi, kisha lako, na nani alipiga nini. Kama ndoo ilitumika badala ya ngoma, iandike na yenyewe. Huwa ndiyo inayoulizwa zaidi.